Sauti ya Mizani ya Dutwa

Dutwa, kwa njia ya Bariadi
8 Julai 2000

Kaka Fredrick,

Mwangaluka huko mjini. Huku tupo. Mvua ilitosha, pamba imezaa, na msimu wa kununua umefunguliwa wiki iliyopita. Utashangaa kupata barua yangu baada ya kimya cha miaka miwili, na kwa kuwa sipendi kuzungusha maneno, nakwambia mapema kwamba nakuandikia kwa sababu nina shida.

Shida yenyewe ni mizani. Wewe na marehemu kaka yangu Method mlikaa ofisi moja alipoiandika programu yake, kwa hiyo unaijua kuliko mimi. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, kila mmoja alikuja hapa na mizani yake, na kila mizani ilikuwa na akili zake. Wazee wetu wasiojua kusoma walikuwa wanaambiwa kilo yoyote ile na wanarudi nyumbani wakinung'unika. Method akaja na lake: mkulima anaweka mzigo juu ya mizani ya kiwanda cha kuchambua pamba, na kipaza sauti kilichotundikwa mlangoni kinataja uzito kwa Kisukuma, watu wote wasikie. Akarekodi kwa sauti yake mwenyewe. Watu walitoka hadi vijiji vya mbali kuja kuuza hapa, wengine nadhani walikuja kusikiliza tu.

Wakati wa masika radi iliunguza kompyuta ya kiwanda. Kampuni imeleta mpya, ofisi yenu imetuma programu mpya, na sasa mizani ni bubu. Namba zinaonekana kwenye kioo, basi.

Sasa mama. Mama yetu Nyanjige alikuwa na kawaida yake. Pamba ambayo wenzake wanaipakia kwenye mkokoteni mara moja, yeye huibeba kwa beseni kichwani, safari baada ya safari, msimu mzima. Karani wa mizani, Anatoli, alikwisha kuacha kumcheka. Safari hii ameweka beseni, akasubiri. Akamwomba Anatoli alishushe na kulipandisha tena. Kimya. Akajitwika pamba yake akarudi nayo nyumbani, na tangu hapo haijatoka chumbani.

Anatoli anasema ofisini kwenu matoleo ya zamani hayatupwi. Naomba uturudishie lile lenye sauti. Mama ameizoea, na mtu mzima kumwachisha alichokizoea ni kazi, unajua wazee walivyo.

Wasalimie watoto na mama yao Flora.

Dada yako,
Mwalimu Philomena


Dar es Salaam
19 Julai 2000

Dada Philomena,

Barua yako niliisoma nimesimama hapo hapo posta. Nimefurahi na nimehuzunika kwa pamoja. Sikujua kwamba hadi mwaka jana watu wa Dutwa walikuwa bado wanamsikia Method. Mimi mara ya mwisho kumsikia ni wodini.

Anatoli amesema kweli, kwetu hakitupwi kitu. Kuna kompyuta moja ambayo kazi yake ni kutunza kila kilichoandikwa na kila kilichobadilishwa, nani alibadilisha, lini, na maelezo mafupi ya sababu. Programu ikiwa tayari kwenda kwa mteja tunaibandika lebo. Hata miaka ikipita na mambo yakibadilishwa mara mia, ukiitaja lebo ile unapewa programu vile vile ilivyokuwa siku ya kubandikwa. Wengine tunaandika lebo za namba tupu. Method, mtoto wa mkulima, alihesabu kwa misimu. Zake ziko tatu: msimu-96, msimu-97 na msimu-98.

Mliyokuwa mnaitumia tangu zamani ni msimu-97. Mliyoletewa mwaka huu ni msimu-98, kazi yake ya mwisho, aliyoimaliza Desemba kabla hajalazwa. Haikuwahi kutumwa huko. Ilikaa humu hadi vijana wa ofisini walipoombwa programu ya Dutwa wakachukua ya juu kabisa. Kwa nini haina sauti sijui, labda hakuwahi kuikamilisha. Nitaangalia nikipata nafasi.

Nimewatolea msimu-97 na kuiweka kwenye diski. Nampa Nyanda, dereva wa lori la kampuni anayekuja huko kuchukua mashudu. Anatoli afuate maelekezo niliyoandika kwenye karatasi, mstari kwa mstari, asijifanye anajua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ni ya Mama. Wakati wa msiba mvua za El Nino zilikuwa zimekata reli na barabara, tukamzika huku bila hata mmoja wenu. Tangu siku ile deni la pole liko moyoni mwangu. Kwetu Sola, Maswa, wangenishangaa: mtu amekula chakula cha mama wa rafiki yake, halafu rafiki amekufa na yeye hajafika hata kukaa chini kidogo. Tafadhali msomee taratibu, na umwambie nitakuja.

Ndugu yenu,
Fredrick


Dutwa
3 Agosti 2000

Kaka Fredrick,

Diski ilifika Jumanne. Ningependa kuanza na shukrani, lakini soma kwanza yaliyotokea.

Anatoli alifuata karatasi yako mstari kwa mstari. Nikamwambia mama mizani imepona. Alijitwika beseni akanitangulia mimi mwenye miguu mizima. Pale kiwandani foleni ilimpisha. Akaweka beseni, akainua uso kukitazama kipaza sauti kama afanyavyo siku zote.

Kikatoka kitu ambacho sitakisahau. Mkwaruzo, kama bati linaburuzwa juu ya mawe, na ndani ya mkwaruzo huo sauti ya Method ikijaribu kutoka, inakatika, inajaribu tena. Watu wa nyuma walicheka, kisha wakaacha. Mama alishika ukingo wa mizani. Akamwambia Anatoli kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini: "Huyo ni mwanangu, na anaumwa. Mmemfanya nini?"

Sasa nikueleze ambalo sikukueleza. Barua yako ya Mama sijamsomea, na sitamsomea. Mama hajui kwamba Method amekufa.

Kabla hujakunja uso, sikiliza. Telegramu yako ilipofika mama alikuwa hospitali ya Bariadi, malaria imempanda kichwani, hajui usiku wala mchana. Baba alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Baba mdogo Machibya alikusanya ukoo akasema asiambiwe mpaka apate nguvu, na hakuna aliyepinga, mimi nikiwamo. Akapata nguvu. Wakati huo msimu ukafunguliwa, akaenda zake kiwandani na beseni, akamsikia mwanawe akitaja kilo. Alirudi anacheka, Fredrick. Mwanamke aliyekuwa hajacheka tangu kifo cha mume wake. Wewe ungemwambia siku hiyo? Tukasema baada ya msimu. Msimu ukaisha tukasema baada ya kulima, tukalima tukasema baada ya kupalilia.

Na kuna jingine. Mama haamini kwamba ile ni sauti iliyohifadhiwa. Anaamini Method yuko Dar es Salaam anasemea kwenye waya, kama wanavyosema watu wa simu ya upepo ya misheni. Anaamini kila anapoweka beseni, mwanawe huko aliko analiona, anapima, anamjibu. Ndiyo maana hakushangaa kwamba haandiki barua. Aandike nini wakati wanazungumza? Hilo hatukumwambia sisi. Alilipata mwenyewe, sisi tulinyamaza.

Kwa hiyo mizani ilipokuwa bubu alidhani mwanawe amefukuzwa kazi. Sasa amesikia ule mkwaruzo na anajua anaumwa. Jana ameuza mbuzi wawili. Anasema anapanda basi kwenda kumuuguza, na mama yangu akisema anakwenda huwa anakwenda. Atafika huko atauliza Method ng'wana Nyanjige anakaa wapi, na nani atamjibu?

Nitumie sauti safi, haraka. Akimsikia mzima atatulia, nasi tutapata muda wa kutafuta namna. Na tafadhali usinihubirie. Wahubiri huku tunao wa kutosha, Wakatoliki na wengineo.

Philomena


Dar es Salaam
14 Agosti 2000

Dada Philomena,

Barua yako nimeipata. Nianze na lililo rahisi.

Ule mkwaruzo haukuwa kosa la Anatoli. Kompyuta yetu ya kutunzia huona kila kitu ni maandishi usipoiambia vinginevyo, na inapotoa maandishi kwa ajili ya mashine za aina ya huko kwenu, huongeza alama ndogo mwishoni mwa kila mstari. Mafaili ya sauti yaliingizwa bila kuambiwa kwamba ni sauti. Ikayatafutia mistari ambayo haipo na kuongeza alama zake mle mle ndani ya maneno ya Method. Nimeitaja tena lebo ile, safari hii nikaiamuru itoe kila kitu bila kugusa chochote. Ikatoka nzima. Kile kilichohifadhiwa kilikuwa hakijaharibika, kiliharibika njiani wakati wa kutolewa.

Kwa kuwa nilishaumwa na nyoka, sikutaka kutuma tena bila kusikiliza. Nikachukua na msimu-96 ili nilinganishe. Ofisi ilikuwa tupu, wenzangu wamekwenda kula.

Wa tisini na sita ni Method yule unayemjua. Anataja namba kwa haraka na kwa madaha, kama anayeita ng'ombe mnadani, na ukisikiliza sana unasikia mtu mwingine chumbani akizuia kicheko. Mtu huyo ni mimi.

Mwaka uliofuata aliniambia wazee wa Dutwa wamelalamika kwamba anayakimbiza maneno, kwa hiyo anarekodi upya, pole pole. Nilimwamini. Leo nimezisikiliza hizo sauti mbili, moja ikifuata nyingine, na nakwambia hakuwa anasema pole pole kwa ajili ya wazee. Alikuwa anatafuta pumzi. Kati ya neno na neno unasikia kifua. Alipofika mpungati, ile saba, kuna kikohozi mwishoni ambacho alikikata, lakini hakukikata chote. Miaka miwili na zaidi mama amekuwa akisikiliza ugonjwa wa mwanawe bila kuambiwa.

Kisha nikafungua maelezo ya msimu-98. Nilikuandikia kwamba labda hakuikamilisha. Aliikamilisha. Aliondoa mafaili yote ya sauti kwa mkono wake, na pale kwenye nafasi ya sababu, ambapo sisi wengine huandika neno moja la kiofisi, aliandika hivi. Nanakili kama yalivyo:

"Nimeitoa sauti yangu. Msimu huu sitakuwepo, na si vizuri mama amsikie mtu ambaye hayupo."

Nililia, Philomena. Sioni aibu kukwambia.

Sikuhubirii. Ukoo ni wenu na mama ni wenu, nami sikuwepo siku ile mama aliporudi anacheka. Nimekutumia diski mbili, zote safi, moja ni wa tisini na sita na nyingine ni wa tisini na saba. Uamuzi ni wako. Lakini sikuweza kukuacha ukidhani mizani imeharibika. Method ndiye aliyeinyamazisha.

Fredrick


Dutwa
26 Agosti 2000

Kaka Fredrick,

Nilikasirika. Nilikuita majina ambayo mwalimu wa darasa la tatu hapaswi hata kuyajua. Nikachukua diski zako nikaenda hadi geti la kiwanda, nia yangu kumpa Anatoli aweke ile ya tisini na sita, mama aje amsikie mwanawe mzima, mambo yaishe. Nilisimama getini hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikarudi nyumbani.

Baba mdogo Machibya nilimwambia njiani kwamba nakwenda kumweleza mama ukweli. Alikataa, akasema nitamuua mama. Nikamjibu kwamba mama alizaa sisi wanane akazika watatu, na hakuna aliyemficha hao, na bado yuko hai. Nikampita.

Mama nilimkuta jikoni anapepeta kunde. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yalinitoka, nikasema tu: "Mayu, Method alikufa. Ni zamani, mvua zile kubwa."

Aliendelea kupepeta mpaka kunde zikaisha kwenye ungo. Kisha akaniuliza nani basi amekuwa akimsemesha miaka yote hii. Nikamweleza nilivyoweza, kwamba sauti ya mtu inaweza kutunzwa, kwamba aliyesema ni Method wa zamani, na mashine inarudia tu. Nikamsomea alichokiandika Method kwenye maelezo yake. Nilimsomea mara mbili kwa sababu aliomba. Hakulia. Nilitamani alie.

Nilidhani atatulaani. Alichouliza ni kimoja, na amekirudia kila siku tangu siku hiyo: "Nani alimwosha?"

Sijui, Fredrick. Hakuna hata mmoja kati yetu anayejua. Tulishughulika na kuficha, hatukukumbuka kuuliza. Mama anasema hawezi kukaa msiba wa mtu ambaye hajui aliguswa na mikono ya nani mara ya mwisho. Nywele hajanyoa. Chakula anakitazama tu, anakisogeza. Wanawake wa jumuiya wamekuja, Eufrasia na wenzake, wamembembeleza kwa uji, hakuna kitu. Mifupa ya mabega inaonekana kwenye kanga.

Mwandikie yeye. Usiandike kwangu. Nitamsomea neno kwa neno, sitaruka hata moja.

Philomena


Dar es Salaam
4 Septemba 2000

Mama yangu Nyanjige,

Shikamoo. Mimi ni Fredrick, yule wa Sola, niliyekuja na Method likizo moja nikala ugali wako na mlenda nikaomba tena, ukasema watu wa Maswa hawana haya.

Umeuliza nani alimwosha. Ni mimi, mama, pamoja na Josia, kijana wa Bariadi tuliyekuwa naye ofisini. Watu wa hospitali walitaka kumaliza wao, tukawaomba watuachie, wakatuachia.

Maji yalikuwa vuguvugu. Kule hutumia maji ya bomba tu, lakini Josia alikwenda kwa mama lishe wa nje ya geti akaomba achemshiwe sufuria, kwa sababu alisema Method hakupenda maji ya baridi. Mimi nilishika kichwa. Tulianza na uso, tukamaliza na miguu. Alikuwa amekonda, mama, sitakuficha, lakini mwili wake haukuwa na kidonda hata kimoja, manesi walimgeuza vizuri. Tulimkata kucha. Tulimvalisha shati lake la kitenge, lile alilovaa siku alipokuja huko kuifundisha mizani.

Muda wote tulisema Kisukuma. Hatukupanga. Josia alianza kumwambia geuka kidogo, inua mkono, nami nikaendelea. Hapakuwa na mtu aliyemgusa akimsemesha lugha ya ugenini.

Tulimzika Kinondoni. Mvua ilikuwa inanyesha na kaburi lilikuwa linajaa maji. Tuliyachota kwa ndoo, sisi na watu wa msiba wa jirani ambao hata hatukuwajua, na hatukumshusha mpaka chini pakawa udongo. Katekista alisali. Kuna msalaba, una jina lake na la baba yake. Kila mwezi wa kumi na moja napalilia.

Siku za mwisho alikuwa hataki kula. Aliomba maziwa ya mgando. Nikamtafutia, akanywa kidogo, akasema watu wa Dar es Salaam wanafikiri mgando ni maziwa yaliyoharibika. Alikutaja. Alisema mama asiitwe, barabara mbaya, atateseka bure. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nilibishana naye.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimeandika yote.

Mwanao,
Fredrick


Dutwa
17 Septemba 2000

Fredrick, ng'wanone, mwanangu,

Mimi nasema na Philomena anaandika. Nimemkataza asiyatengeneze maneno yangu. Walimu hawawezi kuona maneno ya mtu wakayaacha.

Wabeja, asante sana. Barua yako imesomwa hapa hata majirani wanaijua kwa moyo. Ulipofika kwenye maji ya vuguvugu nilimwambia asimame. Ni kweli hakupenda maji ya baridi. Alikuwa akikimbia uchi hadi kwenye zizi ili asiogeshwe, na mimi nyuma yake na kata. Josia huyo ni mtoto wa nani? Nataka kwenda kumsalimia mama yake, amelea. Siku ile niliyosomewa ndiyo niliyolia, na nilipomaliza nikaomba uji.

Machibya alikuja akakaa mbali. Sikumgombeza. Alifikiri mimi ni chungu chenye ufa. Nilimwambia tu kwamba mtoto nimemzaa mimi, na kifo chake nacho ni changu, sikupaswa kukipata wa mwisho. Tukayaacha hapo, maana msiba si mahali pa kesi.

Tukakaa matanga, kama inavyotakiwa. Watu walikuja kutoka Sola, kutoka Maswa, wengine sikuwajua, walisema wao walikuwa wakimjua kwa sauti. Siku ya kunyoa ikawekwa Jumamosi, ndiyo jana.

Asubuhi nikasema kabla sijanyolewa nipelekwe kiwandani. Walitazamana. Philomena akasema Mayu, alisema mwenyewe usimsikie. Nikamwambia alisema nisimsikie bila kujua, na sasa najua. Mtu akifa mamaye anamwona kwanza, ndipo wanafunika. Mimi sikumwona. Hiyo sauti ndiyo iliyobaki ya kuona.

Anatoli alizima mashine nyingine zote, kukawa kimya. Watu wa foleni walivua kofia. Akauliza tumweke yupi. Ndipo Philomena akanieleza kwamba wako wawili, mmoja wa kabla hajaugua, anasema kwa nguvu, na mwingine wa mwaka wa kifua. Yeye alitaka niwekewe yule mzima, niagane naye vizuri. Nikakataa. Yule mzima nilimlea mwenyewe, namjua. Huyu mgonjwa sikumuuguza. Nikamwambia Anatoli aniwekee mgonjwa.

Hatukuwa na pamba. Anatoli akashika gunia tupu, akauliza tuweke nini juu, maana mizani haisemi bila mzigo. Nikavua viatu nikapanda mimi.

Akasema. Arobaini na moja.

Safari hii nilimsikia kweli. Nilikisikia kifua chake. Alisema arobaini, akatafuta pumzi, nami nikaitafuta pamoja naye, mpaka akapata, akasema na moja. Miaka yote ile nilidhani amekuwa mpole kama baba yake. Philomena alikuwa amejifunika uso. Machibya akasema jamani shemeji amekwisha, kilo hizo ni za mtoto wa shule, na mimi nikajua mwanangu ndiye aliyewaambia watu kwamba sili. Mizani ile husema mara mbili. Nilisubiri ya pili nikiwa nimesimama wima, asije akadhani nimeanguka.

Alipomaliza nikamwambia, nimesikia, baba, pumzika.

Nikashuka. Anatoli akaitoa diski, akaiweka ile isiyo na sauti, aliyoiacha mwanangu mwenyewe. Tukarudi nyumbani, wakaninyoa.

Mimi mama yenu,
Nyanjige
(alama ya kidole gumba)